Injini, soksi na picha za simu: kompresheni ni kitu kimoja?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Wiki iliyopita kuna neno lilinifuata kila nilikokwenda. Fundi ameniambia gari aliloacha marehemu baba 'halina kompresheni', kwa hiyo injini ifunguliwe yote. Hospitali wamemwandikia mama soksi za kompresheni kwa sababu ya mishipa ya miguu. Mpwa wangu naye anasema picha za harusi nilizotumiwa kwenye simu zimeharibiwa na kompresheni. Je, ni neno moja, au ni maneno matatu yanayofanana sauti tu? Na Kiswahili chake ni kipi?" Msomaji, Tanga.

Marahaba, mwanangu. Neno ni moja. Kiswahili chake ndicho si kimoja, na nitakuomba usihangaike kukitafuta hicho kimoja.

Asili yake ni Kilatini, na maana ya mwanzo ilikuwa kusonga vitu pamoja. Kiingereza kimelichukua hilo neno na kulitwisha kazi zote: hewa, chuma, miguu, sauti, picha, hata mishahara. Sisi tuna mazoea tofauti. Mahindi kwenye gunia tunayashindilia. Kidole mlangoni kinabanwa. Nazi inakamuliwa, karanga zinasindikwa mafuta, jipu linaminywa, na tofali bichi linagandamizwa kwenye kalibu. Mswahili akisikia kitenzi tu anajua kilichosongwa ni nini, kimesongwa na nini, na kama kuna kitu kimetoka. Nilifundisha fizikia miaka mingi kabla sijaingia kwenye kazi ya kufasiri, na vitabu vyetu vya shule vilitupa neno mgandamizo. Ni neno zuri kwa hewa na kwa chuma. Tatizo ni kwamba watabiri wa hali ya hewa nao wanasema "mgandamizo mdogo wa hewa" wakimaanisha kile ambacho vitabu vya sayansi vinakiita kanieneo, na mtaani tunakiita presha. Hapo tumeshachanganya msukumo wenyewe na matokeo yake.

Kwa hiyo mimi hutumia swali moja kila nikikutana na kompresheni katika fani nisiyoijua: ukiachia, kinarudi? Litakusaidia katika mambo yako yote matatu.

Tuanzie karakana, maana huko ndiko pesa itakakokutoka.

Ndani ya injini ya petroli, pistoni inaposhuka hunyonya hewa pamoja na petroli. Inapopanda, vali zote zimefungwa, na ule mchanganyiko hauna pa kwenda isipokuwa kusongwa juu ya silinda hadi ubaki na nafasi ya sehemu moja ya kumi hivi. Injini nyingi za petroli husonga kati ya mara 9 na mara 12. Ndipo plagi inatoa cheche. Mchanganyiko uliosongwa vizuri ukiwaka huwa na safari ndefu ya kutanuka, na safari hiyo ndiyo nguvu inayokwenda kwenye magurudumu. Usiposongwa, petroli ile ile inawaka lakini inakupa moshi na joto tu.

Kusonga hewa kuna jambo jingine, nalo unaweza kulihisi kwa mkono. Jaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu, kisha shika pampu upande wa chini. Ni ya moto. Watu husema ni msuguano. Upo kidogo, lakini sehemu kubwa ni ile kazi ya mkono wako iliyoingia kwenye hewa na kugeuka joto. Rudolf Diesel alijenga injini nzima juu ya jambo hilo. Injini yake iliyofanya kazi sawasawa mwaka 1897 kule Augsburg, Ujerumani, haikuhitaji cheche. Dizeli za leo huisonga hewa peke yake, kati ya mara 14 na 22, hadi ipite nyuzi 500 za Selsiasi, ndipo nozeli inapopuliza mafuta na yanawaka yenyewe. Ndiyo maana dizeli iliyopoteza kompresheni huwa mtihani asubuhi ya baridi, wakati gari la petroli lenye ugonjwa huo huo linaweza kukusogeza mwaka mzima likilalamika.

Sasa, fundi akisema kompresheni haipo, maana yake hewa inayosongwa inapata mahali pa kutorokea. Mahali penyewe ni patatu kwa kawaida: ringi za pistoni zilizolika, vali zisizokaa vizuri kwenye viti vyake, au gasketi ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, iliyoungua. Gharama za hayo matatu hazifanani hata kidogo. Gasketi na vali unaweza kuzishughulikia kwa kufungua hedi tu. Ringi ndizo zinazodai injini ifunguliwe yote. Kwa hiyo kabla hujakubali, muulize: umepima kwa geji, au umesikiliza kwa sikio? Sikio la fundi mzoefu silidharau, lakini geji inakupa namba, na namba unaweza kwenda nayo kwa fundi mwingine.

Kipimo chenyewe si kigumu. Betri iwe na nguvu, maana ikizungusha injini kichovu namba zitakuwa ndogo bila kosa la injini. Plagi zote zinatolewa, mafuta na moto wa plagi vinakatwa, geji inafungwa kwenye tundu la plagi, pedeli ya mafuta inakanyagwa hadi chini, injini inazungushwa mizunguko michache. Injini ya petroli yenye afya mara nyingi husoma kati ya pauni 120 na 180 kwa inchi ya mraba. Ila mimi huangalia zaidi kama silinda zinakaribiana. Tatu zikisoma 150 na moja 80, umeshamjua mgonjwa. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi kati yao. Halafu kuna jaribio la pili, ambalo mafundi wavivu huliruka: mwaga kijiko cha oili ndani ya ile silinda dhaifu, upime tena. Namba ikipanda vizuri, oili imeziba pale ringi ziliposhindwa, basi ni ringi. Isipopanda, tatizo liko juu, kwenye vali au gasketi. Na kama gari la baba ni la dizeli, mambo ya oili yaache, na geji ya petroli isitumike kabisa. Presha ya dizeli ni kubwa mno kwake.

Hewa ni mfano safi wa kitu kinachorudi. Robert Boyle aliandika mwaka 1662 kwamba ukipunguza nafasi ya hewa kuwa nusu bila kubadili joto, presha yake inakuwa mara mbili. Ukiachia, kila kitu kinarejea. Magari na bajaji za Dar es Salaam zinazotumia gesi asilia hubeba gesi iliyoshindiliwa kwenye mtungi kwa presha ya takriban mara 200 ya hewa tunayovuta. Nalipenda hilo neno "iliyoshindiliwa", maana mtu aliyelitumia alikuwa anaona gunia mbele ya macho yake. Mtungi wa jikoni ni jambo jingine: gesi ile ikisongwa kidogo tu hugeuka maji, ndiyo maana ukiutikisa unasikia kitu kinacheza ndani. Na gesi inayopakiwa kwenye meli kwenda ng'ambo haigeuzwi maji kwa kusongwa. Inapoozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, na inabaki sehemu moja ya mia sita ya ujazo wake. Magazeti yetu yakiziita zote tatu kwa jina moja, msomaji anaachwa gizani.

Wajenzi nao wana kompresheni yao, na hapa neno mgandamizo linakaa sawasawa. Zege likigandamizwa ni jabali. Likivutwa ni kama mkate mkavu. Nguvu yake ya kuvumilia kuvutwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya ile ya kuvumilia kugandamizwa. Maabara huliminya katika bonge la milimita 150 kila upande, likiwa na siku 28. Zege la daraja la 25 linatakiwa livumilie nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Piga hesabu: bonge hilo dogo unaloweza kulikumbatia linabeba uzito wa tani 57 hivi kabla ya kupasuka. Sasa weka boriti ya zege juu ya nguzo mbili, uibebeshe mzigo. Upande wa juu unagandamizwa, wa chini unavutwa, na kwa kuwa kuvutwa ndiko kunakoliua zege, nondo nene hulazwa chini. Kwenye baraza linaloning'inia bila nguzo mbele, mambo hugeuka, nondo zinapaswa kuwa juu. Nimeona fundi akiziweka chini "kama kawaida". Sikukaa chini ya baraza lile.

Wazee wa pwani walilijua hili kabla ya nondo. Msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani una matao na kuba za mawe ya matumbawe. Tao ni ujanja wa kuhakikisha kila jiwe linagandamizwa na hakuna linalovutwa. Penye dari bapa walitumia boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti inapinda, urefu wake ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za mawe, Lamu hata Unguja, ni virefu na vyembamba.

Kabla sijaondoka kwenye ujenzi: kitu chembamba kikigandamizwa kutoka ncha zake hakisagiki, kinapinda. Chukua uti wa chelewa, uubonyeze kati ya viganja viwili. Nguzo nyembamba hufa hivyo hivyo, ghafla, huku zege lenyewe likiwa na nguvu ya kutosha.

Sasa picha zako. Hapa ndipo watu wengi hudhani neno limekopwa kwa utani, kwa kuwa ndani ya simu hakuna kitu cha kugandamiza. Lakini kipo. Kinaitwa marudio.

Chukua neno karakana, maana tumetoka huko. Lina herufi nane. Kompyuta kwa mazoea hutumia tarakimu nane za sifuri na moja kwa kila herufi, jumla 64. Lakini tazama: a ipo mara nne, k mara mbili, r na n mara moja moja. Kwa nini herufi inayojirudia ilipiwe sawa na isiyojirudia? Tupange upya: a iwe 0, k iwe 10, r iwe 110, n iwe 111. Karakana sasa inaandikwa 10011001001110. Zihesabu, ni tarakimu 14. Na unaweza kuisoma kutoka kushoto bila kukosea, kwa sababu hakuna msimbo hata mmoja ambao ni mwanzo wa mwingine. Njia hii aliibuni David Huffman mwaka 1951 akiwa mwanafunzi wa MIT, Marekani, pale mwalimu wake Robert Fano alipowapa wanafunzi uchaguzi kati ya kuandika makala na kufanya mtihani. Ni kweli kwamba jedwali la misimbo lazima litumwe pia, kwa hiyo kwa neno moja huna faida. Kwa kitabu kizima unayo kubwa. Kiswahili kinafaa sana kwa mchezo huu, maana a imejaa kila mahali, na q na x hatuna kabisa.

Hata sarufi yetu imejaa marudio. "Vitabu vyangu vile viwili vizuri vimepotea": ile vi imesemwa mara sita, na mara moja ingetosha kumweleza msikilizaji kwamba tunazungumzia vitabu. Usifikiri ni ubadhirifu. Ndani ya daladala lenye muziki mkubwa, ukikosa kusikia neno la kwanza, matano yaliyobaki yanakupa ngeli yake. Claude Shannon, aliyeiweka elimu hii kwenye hesabu mwaka 1948, alionyesha pande zote mbili: marudio unaweza kuyaondoa ili kuokoa nafasi, na unaweza kuyaongeza kwa makusudi ili ujumbe uvumilie kelele. Vijana waliokua na ujumbe mfupi wa simu wenye kikomo cha herufi 160 walijifunza upande wa kwanza bila mwalimu. Waliandika "vp" badala ya vipi, "cjui" badala ya sijui, na mbalimbali ikawa "mbali2". Hiyo ya mwisho ni kompresheni halisi: badala ya kurudia kitu, taja kitu na idadi yake.

Kubana kwa namna hii kunarudi. Faili la zipu ukilifungua unapata kila herufi na kila nukta kama ilivyokuwa. Lakini kubana huku kuna mwisho. Marudio yakishaondoka, kubana tena ni kukamua machicha. Faili halipungui, na mara nyingine linaongezeka kidogo.

Picha ya harusi haikubanwa hivyo. Simu yenye kamera ya nukta milioni 12 huhitaji baiti milioni 36 kuitunza picha ghafi, kwa sababu kila nukta ina rangi tatu, na kila rangi hula baiti moja, yaani tarakimu nane za sifuri na moja. Kamera yenyewe inaiweka katika mfumo wa JPEG, ambao kanuni zake zilikamilika mwaka 1992, na inabaki baiti milioni chache. Njia yake ni kuikata picha katika vipande vya nukta 8 kwa 8, kisha kutupa kile ambacho jicho la binadamu halikijali sana. Jicho letu ni hodari kwa mwanga na kivuli, dhaifu kwa mabadiliko madogo ya rangi, basi rangi ndiyo inayopunjwa kwanza. Kisha programu ya kutumiana ujumbe huipunguza tena ili iende haraka. Shangazi akiipokea na kuisambaza, akaja mwingine akaipiga picha kutoka kwenye kioo, kila hatua inatupa kidogo. Nakshi za kanga zinageuka ukungu, na pembeni mwa uso vinatokea vijiraba. Vilivyotupwa havirudi. Ukiona programu inajigamba kurudisha picha kama ilivyokuwa, ujue inabuni kinachoweza kufanana.

Kwa sababu hiyo, katika kazi zangu nakataa kutumia neno moja kwa mambo haya mawili. Zipu naiita kubana. JPEG naiita kupunguza, hata wenzangu wakinuna. Mtu akiambiwa hati yake "imebanwa" anatarajia ifunguke.

Studio ya muziki ina vurugu yake ya pekee, maana humo neno linaishi na maana mbili chini ya paa moja. Fundi mitambo akisema wimbo umekompresiwa, anaweza kumaanisha faili limepunguzwa kuwa MP3. Anaweza pia kumaanisha amepitisha sauti kwenye kompresa, chombo kinachoshusha sauti kubwa zisipishane sana na ndogo. Kikiwekwa kwenye uwiano wa nne kwa moja, kila desibeli nne zinazovuka mpaka zinatoka kama moja. Kisha wimbo wote unapandishwa, na mnong'ono unasikika sambamba na ukelele. Faili halikupungua hata chembe. Kilichobanwa ni umbali kati ya kimya na kelele. Mwimbaji wa taarabu anayejua kuivuta sauti kutoka chini hadi juu huuliwa na chombo hiki kikizidishwa. Kumbe ni rafiki wa tangazo la redio, ndiyo maana linakushtua hata kama hukuongeza sauti.

Nyingine nizipitie mbio. Sauti yenyewe ni hewa inayosongwa na kuachiwa, mawimbi kwa mawimbi. Milima ya Himalaya imeinuliwa na mabamba mawili ya ardhi yanayosongana, ilhali Bonde letu la Ufa ni kinyume chake, ardhi inayovutwa. Na maofisa wa utumishi wanasema mishahara ina kompresheni pale mgeni wa jana anapolipwa karibu sawa na mkongwe wa miaka kumi, jambo ambalo wakongwe wana jina lake jingine, silo la kuandika hapa.

Soksi za mama. Hapa sahihi ni kubana: soksi za kubana. Kazi yake ni kuisaidia damu ipande kurudi moyoni pale vali ndogo ndani ya mishipa ya miguu zinapolegea. Naam, mishipa nayo ina vali, na zikivuja matokeo hayako mbali sana na ya gari la baba. Soksi hizi hubana zaidi kwenye kifundo cha mguu na kulegea kadiri zinavyopanda, na nguvu yake hupimwa kwa milimita za zebaki, kama presha ya damu. Kwa hiyo usimnunulie zozote zinazobana ulizoziona dukani. Chukua kipimo alichoandika daktari. Azivae asubuhi kabla miguu haijavimba, bila kukunja ukingo wa juu, maana ukikunjwa unakuwa kamba. Kama ana kisukari, vidonda miguuni, au miguu inayokuwa baridi na kuuma akitembea, daktari aambiwe kwanza, kwani mishipa inayopeleka damu chini ikiwa myembamba, kubana kunaweza kumdhuru.

Hospitali hiyo hiyo utasikia pia kukandamiza kifua, kwa mtu mzima ambaye moyo umesimama: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Anayejifunza hukazana na kusukuma akasahau kuachia, na bila kuachia kifua kirudi chote, moyo haujai damu ya kusukumwa tena.

Turudi kwa picha, maana nadhani ndizo zilizokukera zaidi. Mwambie aliyezipiga harusini asikutumie kama picha. Akutumie kama hati, kwenye ile alama ya kuambatisha faili, hapo programu haizipunguzi. Au aziweke kwenye kadi ndogo, akupe mkononi. Afanye mapema, kabla hajafuta zilizo kwenye kamera yake.